Kilo ngapi, na zikae wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu uzito wa kupigia mbizi

Maswali haya huulizwa sana na watu waliokwisha kumaliza kozi ya kwanza, wakapiga mbizi kumi au ishirini, na bado kila wakishuka miguu inawazamia, kiuno kinawauma, au jaketi (lile la kujazwa na kutolewa hewa ili uelee au ushuke) linawapeleka wasikotaka. Karibu yote yanatokana na kuchanganya mambo mawili: uzito uwe kiasi gani, na uzito ukae wapi. La kwanza ndilo linaloamua kama utazama au utaelea. La pili linaamua utakavyolala majini. Mtu akikosea la pili hukimbilia kuongeza la kwanza, na hapo shida huanza kuzaana.

Nikisema risasi hapa ninamaanisha madini ya risasi, vile vipande vizito tunavyovaa. Niliwahi kumwambia jirani asiyejua mambo haya kwamba nimesahau mkanda wangu wa risasi kwenye gari. Alinitazama kwa jicho lingine kwa muda wa wiki nzima.

Kwani risasi ni ya nini hasa? Si binadamu anazama mwenyewe?

Wengi wetu bila suti tuko katikati: ukijaza mapafu unaelea, ukitoa pumzi yote unaanza kuzama. Kinachokufanya uelee kama kizibo ni suti ya neoprini. Ule mpira umejaa vipovu vidogo vya gesi, na hivyo ndivyo vinavyokutia joto na ndivyo vinavyokuzuia kushuka. Risasi ipo kulipa deni la suti, pamoja na lile la mtungi unaozidi kuwa mwepesi kadiri unavyoutumia. Imechaguliwa kwa sababu ni nzito kwa umbo dogo: lita moja ya risasi ina kilo 11 na zaidi kidogo, kwa hiyo kipande cha kilo moja kikiingia majini hupoteza kama gramu 90 tu za uzito wake.

Nianze na kilo ngapi?

Utasikia kanuni ya asilimia 10 ya uzito wa mwili. Hapo ni pa kuanzia tu, tena kwa suti nene. Kwa suti nyembamba ya maji ya joto kanuni hiyo hukutwika mzigo usioustahili. Watu wawili wenye kilo 75 kila mmoja wanaweza kutofautiana kilo tatu za risasi, maana mafuta mwilini huelea na misuli haielei, na vifua havilingani. Suti mpya nayo huelea kuliko ileile ikishachakaa, kwa sababu vipovu vyake hupasuka na kubanwa kidogo kidogo kadiri miaka inavyokwenda. Ukinunua suti mpya, usidhani kilo za suti ya zamani zitakufaa.

Kwa hiyo anza popote penye busara, kisha upime. Kupima hakuna mbadala.

Nitapimaje?

Fanya mwisho wa mbizi, geji ya hewa ya mtungini ikiwa inasoma bari 50 hivi (bari ni kipimo cha presha), mahali penye maji tulivu ambapo miguu haifiki chini. Uwe umevaa kila kitu unachovaa kawaida: kofia, buti, glavu, tochi. Regyuleta, yaani kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi, iwe mdomoni. Simama wima na utoe hewa yote kwenye jaketi. Hapa ndipo watu hujidanganya. Inua bomba la jaketi juu kabisa, shusha bega la upande wa pili, bonyeza kitufe na usikilize mpaka mlio wa hewa ukatike. Hewa ya kujaza glasi mbili tatu iliyojificha nyuma ya bega inatosha kukupotosha kwa nusu kilo au zaidi.

Sasa miguu. Usiitikise. Wengi hupiga mapezi, yale ya kuvaa miguuni, bila kujijua, wanabaki juu kwa nguvu ya miguu huku wakiamini wanaelea. Pachika kifundo kimoja juu ya kingine ili uwe na hakika. Vuta pumzi ya kawaida, si ile ya kujaza kifua, uishikilie kidogo. Maji yakikufika usawa wa macho, uko karibu na penyewe. Toa pumzi polepole hadi mwisho: unatakiwa uanze kuzama taratibu, utosi ukiingia majini kama sekunde mbili tatu baadaye.

Ukizama huku umeshikilia pumzi, punguza kilo moja na urudie. Ukitoa pumzi yote na paji la uso bado liko nje, ongeza. Ukikaribia, badilisha kwa nusu kilo. (Kule kushikilia pumzi ni kwa hapa juu tu. Ukiwa chini unapumua muda wote, na hasa unapopanda.)

Kuna kipimo cha pili, ambacho mimi nakiamini kuliko hicho. Ukiwa kwenye kituo cha usalama, yaani pale unapotulia kidogo kabla ya kumalizia kupanda, mita 5, mtungi ukiwa na bari 50, toa hewa yote kwenye jaketi. Ukiweza kukaa pale dakika tatu kwa kupumua tu, hupandi wala hushuki, kilo zako ni sawa. Ukilazimika kuongeza hewa kwenye jaketi ili usizame, una risasi ya ziada. Ukiwa unapigana kubaki chini, imepungua.

Na kama nina mtungi uliojaa tu, bado sijaanza kuzamia?

Pima vilevile, kisha ongeza kilo 2 hivi. Hewa ina uzito. Lita moja ya hewa ya kawaida ni kama gramu 1.2. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bari 200 una lita 2,400, yaani karibu kilo 2.9 za hewa. Ukirudi na bari 50 umeshapumua kilo 2 na ushei. Kilo hizo umezipumulia baharini zikapotea kama mapovu, na mwisho wa mbizi ndipo unapozitaka.

Mtungi wa alumini na wa chuma vina tofauti gani?

Kubwa. Ule mtungi wa alumini ulioenea sana, wa lita 11 hivi, ukijaa huzama kidogo, kama gramu 700. Ukiwa mtupu huelea kwa karibu kilo 2. Mitungi mingi ya chuma huanza ikiwa mizito zaidi majini na huwa haifikii kuelea namna hiyo. Hewa iliyomo ni ileile na hupungua uzito uleule, tofauti ni mahali inapoanzia. Kwa hiyo aliyezoea alumini akipewa cha chuma, mara nyingi anaweza kuvua kilo 2 au zaidi. Apime lakini.

Kuna jambo lingine kuhusu alumini ambalo halisemwi sana: unapokaribia kwisha, kitako cha mtungi ndicho kinachotaka kupanda, maana huku juu kuna valvu na regyuleta vinavyokilemea kichwa chake. Ukihisi mwisho wa mbizi kama kuna mtu anakuinua makalio polepole, ni huyo.

Ninashindwa kushuka mwanzoni kabisa. Si ishara kwamba risasi ni ndogo?

Huenda. Mara nyingi si hivyo. Dakika ya kwanza kila kitu kinakuvuta juu: suti bado ni kavu na ina hewa mikunjoni, jaketi nalo limekauka, na wewe una wasiwasi, kwa hiyo kifua kimejaa pumzi isiyotoka yote. Mapafu ya mtu mzima, kati ya pumzi kubwa na pumzi iliyotolewa hadi mwisho, yanaweza kubadilisha kuelea kwako kwa kilo 4 au zaidi. Mtu anayepumua kwa juu juu huwa amejivika jaketi la pili kifuani.

Jilowanishe kwanza. Toa pumzi kwa muda mrefu, kama unayepuliza chai ya moto, na usubiri. Kuzama hakuanzi mara moja. Kuna sekunde mbili tatu za ukimya ambazo mgeni huzivunja kwa kuvuta pumzi nyingine, akarudi juu. Ukifika mita 3 suti imeshaanza kubanwa na mambo yanakuwa mepesi. Kama bado inagoma, inama na ujizamishe kwa kichwa, miguu ikusukume kutoka juu. Ikiwa mita 5 mwisho wa mbizi hukupata taabu, basi tatizo la juu si risasi.

Kilo mbili za ziada zina ubaya gani? Si bora niwe na hakika ya kuzama?

Hili ndilo jibu ambalo watu hulipinga sana, kwa hiyo tufanye hesabu.

Tuseme umebeba kilo 4 zaidi ya unazohitaji. Ili usizame, jaketi litabidi libebe kama lita 3.6 za hewa ambazo usingezihitaji. Uko mita 10. Unapanda hadi mita 5 kutazama kitu. Presha inashuka kutoka bari 2 hadi 1.5, kwa hiyo zile lita 3.6 zinatanuka na kuwa 4.8. Ghafla una nguvu ya kilo 1.2 inayokusukuma juu, na usipotoa hewa haraka, inazidi kadiri unavyopanda. Ungekuwa na kilo 1 tu ya ziada, safari hiyohiyo ingekupa gramu 300, ambazo unazimaliza kwa kutoa pumzi vizuri.

Kwa maneno mengine, aliyezidisha risasi hajapata utulivu. Amejifunga puto. Kutwa nzima ataongeza na kupunguza hewa, atashika kitufe kama mtu wa rimoti, na hewa yote hiyo inatoka kwenye mtungi uleule anaoupumua. Jaketi lililovimba pia ni pana, linakinzana na maji, kwa hiyo miguu inafanya kazi zaidi na pumzi inakwenda zaidi. Kabla ya kununua mtungi mkubwa zaidi, jaribu kuvua kilo moja.

Kutoka maji yasiyo na chumvi ya ziwani kwenda baharini nibadilishe nini?

Maji ya chumvi ni mazito kwa asilimia 2.5 hivi, kwa hiyo yanakubeba zaidi. Chukua uzito wako pamoja na vifaa vyote, si mwili peke yake: ukiwa jumla ni kilo 100, ongeza kati ya kilo 2.5 na 3 unapoingia baharini, na upunguze hizohizo unaporudi ziwani au kwenye bwawa la kuogelea. Wengi hupima vizuri bwawani wakati wa kozi halafu siku ya bahari wanashangaa wanaelea.

Miguu yangu inazama kila nikitulia. Nifanye nini?

Hapa ndipo tunapoingia kwenye swali la "wapi".

Fikiria bembea ya watoto, ule ubao unaoegemea katikati. Kifua chako, chenye mapafu na sehemu kubwa ya jaketi, kinainuliwa na maji. Kiuno chako, ulipofunga risasi, kinavutwa chini. Mwili utazunguka mpaka kizito kining'inie moja kwa moja chini ya kile kinachoelea, yaani utajikuta umesimama. Unaweza kupigana nao kwa mapezi, lakini ukiacha tu unarudi pale pale.

Nilipokuwa mgeni nilibeba kilo 8, zote kiunoni. Nilijiona napiga mbizi vizuri tu hadi mwenzangu aliponionyesha video aliyonirekodi. Nimesimama nusu wima kama mtu anayepanda ngazi, mapezi yanatimua mchanga, na wingu la vumbi linanifuata kila nilipokwenda. Mbizi iliyofuata nilihamisha kilo 2 kutoka kiunoni nikaziweka kwenye mifuko midogo iliyoshonewa ukanda wa mtungi, karibu na mabega. Sikuongeza wala kupunguza hata gramu. Nilipotulia, mapezi yakainuka yenyewe mpaka usawa wa makalio. Kwa mara ya kwanza nikaona samaki wananikaribia.

Kilichonishangaza kilikuja baada ya hapo. Wiki mbili baadaye niligundua sihitaji kilo 8, ninahitaji 6. Sababu ni hii: mtu ambaye miguu yake iko chini, kila akipiga pezi anajisukuma mbele na juu kwa wakati mmoja. Ili asipande, anabaki mzito. Ni mzito kwa sababu anapiga mapezi, na anapiga mapezi kwa sababu ni mzito. Ukinyoosha mlalo, fundo lote linafunguka.

Namna ya kujipima: ukiwa umetulia mita 4 au 5, lala kifudifudi, mikono mbele, magoti yamekunjwa kiasi, uso unatazama mbele. Acha kila kitu. Hesabu hadi kumi. Miguu ikishuka, sogeza kilo moja kuelekea kichwani. Kichwa kikishuka, sogeza kilo moja kuelekea miguuni. Badilisha kitu kimoja tu kwa mbizi moja, vinginevyo hutajua kilichosaidia. Na kabla ya kuhamisha chochote hakikisha mgongo wako umenyooka, kwa sababu anayejikunja kama kamba wa baharini hatasaidiwa na mfuko wowote.

Mimi ni kinyume: kichwa kinatangulia.

Mara nyingi ni mapezi yanayoelea, au suti nene miguuni, au umesikia ushauri wa hapo juu ukauzidisha. Rudisha kilo moja kiunoni. Mapezi mazito ya mpira nayo husaidia bila kuongeza risasi yoyote.

Kusogeza mtungi juu au chini kunasaidia?

Wa chuma, ndiyo, sentimita tano tu utazihisi. Wa alumini hubadilisha kidogo mno, maana majini uzito wake ni mdogo, kwa hiyo kuusogeza ni kama kusogeza kitu kisichokuwepo. Usiupandishe hadi kichwa kigonge valvu kila ukitazama mbele. Hapo utainamisha shingo, na shingo ikiinama mlalo wote unaharibika.

Vizito vya vifundoni je?

Sivipendi. Vimetengenezwa kwa ajili ya miguu inayoelea, hasa kwa wavaaji wa suti kavu (ile isiyoingiza maji na yenye hewa ndani), na kwao vina kazi. Lakini nusu kilo kwenye kifundo iko mbali sana na kitovu cha mwili, na utaiinua na kuishusha kila unapopiga pezi, mara mamia kwa mbizi moja. Jaribu mapezi mazito kwanza, na kamba za suti kavu za kubana hewa isikimbilie miguuni.

Mkanda, mifuko ya jaketi, au bamba la mgongoni?

Vyote vinafanya kazi. Mkanda ni rahisi, unahamishika kutoka jaketi moja hadi lingine, na ukiuvua umeuvua. Ubaya wake ni kwamba kila kitu kinakaa kiunoni, mahali pabaya kwa mlalo wa watu wengi. Mifuko ya jaketi inaondoa mzigo kwenye nyonga na kuuleta mbavuni, lakini jaketi lenye kilo 8 ndani pamoja na mtungi ni adhabu kwa anayelipokea kwenye mashua. Toa mifuko kwanza ndipo ulipandishe. Bamba la chuma la mgongoni huwa na kilo 2 hadi 3 zilizotandazwa kutoka mabegani hadi kiunoni, mahali penyewe hasa zinapotakiwa.

Mimi huchanganya, na kwa mtu mwenye kilo zaidi ya 5 ningemshauri hivyo hivyo: sehemu mkandani, sehemu kwenye mifuko, kidogo kwenye ukanda wa mtungi.

Mkanda unaniumiza kiuno.

Angalia ulivyopanga vipande. Usiweke kipande juu ya uti wa mgongo. Hapo mtungi utakigandamiza. Viweke juu ya nyonga na kidogo mbele yake, pande zote sawa, ukiacha nafasi mbele kwa ajili ya bizimu. Kila kipande kina matundu mawili: pitisha mkanda tundu la kwanza, uuzungushe nusu, kisha tundu la pili. Ule mzunguko mmoja unakizuia kuteleza na kujikusanya upande mmoja. Mkia unaobaki uwe sentimita 15 hivi. Mrefu ukikushinda, kata. Usiuchomeke ndani, kwa sababu siku ya dharura utauvuta na hautatoka.

Unapouvaa nje ya maji, inama mbele ili risasi ilale mgongoni, ndipo ufunge. Ukimpa mtu mkanda, ushike kwenye ncha isiyo na bizimu. Ukishika upande wa bizimu, vipande vinaweza kuteleza na kutoka kimoja kimoja, na kilo mbili zikiangukia kidole cha mguu utaikumbuka siku hiyo.

Kwa wenye mgongo mbovu: ingia majini bila risasi, jaketi likiwa na hewa, kisha upokee mkanda au mifuko ukiwa ndani. Hakuna aibu.

Mbona mkanda unalegea nikiwa chini?

Suti imebanwa. Kwenye mita 10 vipovu vya neoprini vinaelekea nusu ya ujazo wake, kwenye mita 30 robo. Kiuno chako kimepungua, mkanda haukupungua. Ukifika chini, lala kifudifudi ili risasi isikimbie, ukaze. Mikanda ya mpira unaovutika hujifuata yenyewe. Huko huko kubanwa kwa suti ndiko kunakokufanya uwe mzito kina kikiongezeka, na hiyo ni kazi ya jaketi, si sababu ya kubadilisha risasi.

Ninajikuta naegemea upande mmoja.

Hesabu vitu upande ule: tochi, kisu, bobini ya kamba, mfuko wenye kilo 3 wakati mwingine una 2. Sawazisha.

Nikifika juu na kujaza jaketi nasukumwa uso majini.

Jaketi lako lina hewa mgongoni na risasi yako iko mbele. Kinachoelea kinataka kuwa juu ya kizito, kwa hiyo kinakupindua. Peleka kilo moja au mbili nyuma, kwenye mifuko ya ukanda wa mtungi, na usijaze jaketi hadi lipasuke. Jaza kiasi cha kukuweka kidevu nje, kisha egemea nyuma kama uko kwenye kiti cha uvivu.

Ni kiasi gani kiwe cha kutupa wakati wa dharura?

Cha kutosha kukufanya uelee juu ya maji ukiwa huna hewa hata kidogo kwenye jaketi. Si lazima iwe yote. Tena kutupa kilo zote ukiwa mita 25 ni kununua mpando usiozuilika, pamoja na hatari zake zote za mapafu na mapovu ya naitrojeni mwilini. Kwa hiyo kugawa uzito kunasaidia hapa pia: mifuko ya ukanda wa mtungi na bamba hazitupiki, mkanda au mifuko ya mbele inatupika.

Mambo mawili ya kukagua kabla ya kuingia: mkono wako wa kulia na wa kushoto wote unafika kwenye bizimu au mpini wa mfuko, na mwenzio anajua vyako vinavyofunguka. Kama jaketi lako lina ukanda wa kupita katikati ya mapaja, mkanda wa risasi uvaliwe juu yake, usiwe chini. La sivyo utaufungua na utabaki umekwama pale pale.

Suti kavu inabadilisha nini?

Kilo zinaongezeka, kwa sababu ya nguo za joto za ndani na hewa iliyomo, na hewa hiyo inatembea. Miguu ikiwa juu inakimbilia kwenye buti. Usitengeneze mlalo kwa risasi kabla hujajifunza kuituliza hewa. Pima upya kila ukibadilisha nguo ya ndani.

Kamera?

Pima kamera peke yake majini kwanza. Ikizama au kuelea, isawazishe yenyewe kwa maboya madogo au vizito, usiibebee fidia kiunoni. Siku utakayoiacha nyumbani hutataka kuanza hesabu upya.

Risasi si sumu?

Ni sumu ikiingia mwilini. Vipande vilivyopakwa plastiki ni bora kuliko vitupu, na mifuko laini yenye chembe ndogo ndogo ikichanika itupe ipasavyo. Nawa mikono kabla ya kula. Usisafiri nayo kwa ndege. Utaikuta kule unakokwenda.

Niandike nini kwenye daftari la mbizi?

Suti, mtungi, aina ya maji, kilo, na mahali kila kilo ilipokaa. Hapa kuna mstari mmoja kutoka kwangu, kama ulivyo: "Bahari. Suti mm 5, kofia. Alumini lita 11. Kilo 6: mkandani 2+2, ukanda wa mtungi 1+1. Mita 5 na bari 50: jaketi tupu, nimetulia. Miguu inashuka kidogo mwishoni. Kesho jaribu 1.5+1.5 mkandani, 1.5+1.5 juu."

Kesho yake nilijaribu. Kichwa kikatangulia, nikarudisha kama zilivyokuwa, na ile miguu kushuka kidogo mwishoni nikairekebisha kwa kukunja magoti.